Flashi Iliyorudi Tupu

Kibondo,
11 Agosti 2013

Kwa shoga yangu Safina,

Kwanza pole ya mfungo na hongera ya Idi. Huku sisi wazima, isipokuwa usingizi tu. Huo Nathaniel ameuchukua wote: analala mchana, nikifunga kibanda changu cha kuchapa ndipo anaamka. Nakuandikia akiwa mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukipinda ujue amenivuta nywele.

Kwenye simu salio langu linaishia kwenye salamu, na safari hii nina jambo kubwa la kueleza. Safina, nimepata mahafali. Kitabu kizima cha mahafali ya kidato cha nne cha sekondari ya wasichana: ratiba, hotuba, jina na picha ya kila binti anayemaliza. Mkuu wao wa shule, Mwalimu Herieth, alikuja mwenyewe kibandani. Alinikuta nimempakata mtoto ananyonya, mkono mmoja uko kwenye kibodi, namalizia barua ya mteja. Akasimama akanitazama mpaka nikamaliza. Nilidhani ataniambia nikatafute pa kumweka mtoto. Akasema, "Kama mkono mmoja unafanya hivi, miwili itanitosha." Nimetembea na neno hilo wiki nzima kama niliyevaa kitenge kipya.

Wewe uliyekaa nami kiti kimoja pale kwenye kozi Kasulu, tukigombania kipanya, unajua maana yake. Baba mkwe hajui. Mzee Ndihokubwayo kule Nyakitonto anasema shamba linaota majani huku mke wa mwanawe amekaa kivulini anabonyeza vitufe. Tangu kompyuta ilipogoma mwezi wa tano ametoa neno lake mbele ya mume wangu Dionis: ikigoma tena inauzwa, nami narudi kwenye jembe. Dionis yuko Kakonko, anajenga ofisi za wilaya mpya, kwa hiyo wa kunitetea hayupo. Mtetezi wangu ni hicho kitabu. Mahafali ni katikati ya Oktoba.

Naomba ile programu yako ya kupanga kurasa, ile inayojua karatasi ikikunjwa ukurasa upi utatazamana na upi. Flashi yetu nyekundu nimeifunga humu ndani ya barua, konda atakukabidhi pamoja na kikapu cha maharage. Nayo sikuiacha tupu. Nimekuwekea picha za Nathaniel akiwa amekaa mwenyewe bila kushikwa.

Wako mwenye usingizi,
Esteria


Kasulu,
16 Agosti 2013

Mama Nathaniel, shoga yangu,

Kikapu nimekipata, flashi nimeipata, na picha nimemwonyesha kila aliyeingia dukani, hata waliofuata misumari. Mtoto ana mashavu ya mwenyekiti wa kijiji. Mlishe taratibu.

Umenitia kiburi, nakwambia kweli. Nimemweleza mume wangu Tamimu kwamba huyo wa mahafali ndiye mwenzangu wa kiti kimoja. Akasema basi mpelekee vitu vya maana, asije akadhani Kasulu kuna njaa. Mama mkwe naye, unamjua, ametoka kwao Ujiji lakini kwa hili anaongea kama watu wa Kibondo: kikapu cha mtu ukikirudisha bila kitu ndani, umemtukana yeye na aliyekisuka. Kwa hiyo kikapu kinakuja na dagaa na chupa ya mawese.

Flashi nimeijaza mpaka mdomoni. Kuna programu uliyoomba, mchezo wa kujifunza kuchapa ule wa kozi, kalenda yenye saa za swala na sikukuu zenu pia, programu ya mapambo ya kadi, na kidude kimoja kinachogeuza mshale wa kipanya kuwa ua linalotikisika. Vyote vimetoka kwenye kompyuta yetu hii aliyoinunua Tamimu Dar es Salaam, tena mpya kwenye boksi, kwa hiyo tumia kwa kujidai.

Siku hizi inachelewa kidogo kuamka, Tamimu anasema ni huu umeme wetu. Na ile antivairasi niliitoa tangu Juni. Kila nikifungua kitu inapiga kelele, wateja wanadhani nimeharibu. Sasa kimya, raha mustarehe.

Kitabu kikitoka nataka nakala, niiweke dukani watu waione.

Safina


Kibondo,
3 Septemba 2013

Safina,

Kompyuta imegoma. Fundi ameifomati, imegoma tena. Dagaa tumekula, asante. Flashi inarudi, haina kitu ndani. Nathaniel anaota jino, ana homa, hashuki mikononi. Nitaeleza.

Esteria


Kasulu,
7 Septemba 2013

Kwa Esteria,

Flashi imefika. Niliichomeka mbele ya Tamimu na mama mkwe, maana nilikuwa nimewaambia njooni tutazame picha mpya za Nathaniel. Hapakuwa na picha. Hapakuwa na kitu. Mama mkwe akaniuliza kama kwenu kuna msiba au kama nimekukosea.

Mimi nilikujazia. Nilikaa nikichagua hiki na kile kama mtu anayemfungashia bibi harusi. Wewe umefuta, hata ua umefuta, halafu ukaniandikia maneno ya kutumwa kwa simu. Tamimu anasema labda siku hizi una rafiki mwalimu, vitu vya dukani kwetu unaviona vichafu. Nilimkatalia. Usiku huu sina hakika kama nilipaswa kumkatalia.

Kama kompyuta imegoma, pole. Ya kwetu inafanya kazi.

Nakutakia mahafali mema. Flashi nitakaa nayo mimi.

Safina wa Tamimu


Kibondo,
15 Septemba 2013

Safina wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilipokaa iliuma zaidi. Sasa na wewe kaa, maana hii ni ndefu. Jino limetoka, mtoto amelala, nina nafasi.

Sikukusudia kukuumiza, na ufupi wa ile barua ni kosa la uchovu. Lakini kwa kuituma flashi ikiwa tupu sitakuomba radhi. Soma mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Zawadi zako niliziweka zote siku ileile. Zilifunguka vizuri, ua likatikisika, wateja wakacheka. Haikupita wiki, kompyuta ikaanza uzito. Nikibofya programu ya kuandikia, naweza kumbadili mtoto nepi nikarudi bado haijafunguka. Kisha antivairasi yangu ikawa nikiifungua inajifunga yenyewe. Kile kidirisha cha kutazama nini kinaendeshwa kompyutani kikaniambia kimezuiwa na msimamizi. Msimamizi yupi, Safina, wakati msimamizi ni mimi?

Nikamwita fundi Niyitegeka. Akaifomati, yaani akaifuta yote na kuiweka upya, ile sehemu ya C yenye mfumo wa kuiendesha kompyuta, akaiacha D kwa sababu ndiko ziliko kazi za watu na zawadi zako. Ikaamka kama mpya. Kitu cha kwanza nilichofanya kwa furaha ni kuiweka tena programu ya kurasa, kutoka kulekule D. Kesho yake ugonjwa ukarudi vilevile. Niyitegeka akavua kofia, akakaa chini, akasema tumemfukuza mwizi sebuleni tukamwacha chumbani.

Ndipo aliponieleza, nami nakupa kama nilivyoelewa. Kirusi cha aina hii si faili iliyokaa peke yake ukaiona ukaifuta. Kinaingia ndani ya programu, kinajishona humo, kinashika pale programu inapoanzia. Ukiibofya, kinaamka chenyewe kwanza. Kinakimbia kutafuta programu nyingine za kuingia, za C, za D, za flashi iliyochomekwa. Kikishamaliza ndipo kinaiachia programu ifanye kazi uliyoiitia. Kwa hiyo huoni kitu. Ua linatikisika, unacheka, nacho kinazaana. Tena kinaanza kwa kuinyamazisha antivairasi, ndiyo maana ya kwangu ilikuwa inajifunga. Barua na picha hakikuzigusa, kwa sababu hizo zinasomwa tu, hazitendi kitu zenyewe. Chenyewe kinataka kitu kinachoendeshwa. Majina ya mabinti wangu na sura zao vilibaki salama, nilipoona hivyo nililia kidogo.

Nikamuuliza, mimi nisiye fundi nitakijuaje kwa macho? Akasema linganisha ukubwa. Ile CD ya kozi tunayo wote, imeshachomwa, yaani imeshaandikwa, haiandikiki tena, hakuna kinachoweza kuingia humo. Mchezo wa kuchapa wa kwenye CD ndio huohuo uliokuja na zawadi yako, jina moja, toleo moja. Tukaiweka pamoja. Wa D ulikuwa mnene kuliko wa CD. Hapo sikuhitaji maelezo zaidi. Kliniki muuguzi hakubali nimtundike Nathaniel kwenye mizani mpaka nimvue hata nepi. Anasema mtoto aliyeongezeka ghafla amefichiwa kitu kwenye nguo.

Siapi kwamba kimetoka kwako. Wateja wangu nao wanachomeka flashi zao hapa. Ikiwa ni mimi niliyekupelekea, nitakuja Kasulu na mtoto mgongoni nikuombe radhi mbele ya mama mkwe wako. Lakini uliandika kwa mkono wako kwamba kompyuta inachelewa kuamka, na kwamba iliyokuwa inapiga kelele umeinyamazisha. Ilikuwa inakuita, Safina.

Pima mwenyewe. Toa CD yako ya kozi, linganisha. Ukiona unene, nakutumia CD nyingine humu, ya kusafishia, amechoma Niyitegeka kutoka kompyuta safi. Unaiwashia kompyuta, yaani inaamka kwa CD, mfumo wake ukiwa bado umelala na kirusi kikiwa kimelala nao. Okoa barua na picha tu. Programu zote ziache ziende, za C na za D, hata unazozipenda. Ua liache liende. Utaweka nyingine kutoka kwenye CD zake zenyewe, si kutoka kwenye akiba yako.

Na mpaka umalize, usimchomekee mtu yeyote flashi. Hilo nalisema kwa ukali na silirudishi nyuma. Kila anayetoka dukani kwako na flashi mfukoni anakipeleka kwa mwenzake, naye atampelekea mwingine, wote wakisema asante.

Najua kikapu kikirudi kitupu ni tusi. Nimelelewa humohumo. Lakini siku ile nilikuwa nimeshaona kilichomo kompyutani mwangu, na chochote ambacho ningekuwekea kingekuja na mgeni nyuma yake. Kizuri kuliko vyote nilichokuwa nacho cha kukupa ni kutokukuwekea kitu.

Baba mkwe hajaambiwa. Ikigoma mara hii hatahitaji kuambiwa. Kompyuta yangu tumeshaisafisha yote, C na D, na kitabu ninakianza upya kesho, bila programu ya kurasa.

Ninayekupenda hata ukinuna,
Esteria


Kibondo,
21 Oktoba 2013

Safina,

Hujanijibu. Nakuandikia hivyohivyo, kwa sababu hili sina wa kumwambia likamkolea isipokuwa wewe.

Kitabu kimetoka. Nakala yako hii hapa.

Kurasa nilizipanga kwa mkono. Nilichukua karatasi nyeupe, nikazikunja kitabu kidogo, nikaandika namba kwa kalamu kila upande, kisha nikazikunjua nikatazama: ukurasa wa kwanza kumbe umelala na wa mwisho. Nikazibandika ukutani mbele ya kompyuta, nikawa nachapa nikizifuata. Nathaniel alitafuna moja, nikaikunja tena. Kompyuta haikugoma hata mara moja. Mteja akija na flashi naipima kwanza mbele yake. Mmoja akanibeza, ati kibanda kimekuwa geti la hospitali. Nikamwambia geti la hospitali halijawahi kumuua mtu, ngoja zamu yako. Akangoja.

Siku ya mahafali nilikaa nyuma kabisa, karibu na wapishi, mtoto akilia nitoke. Kumbe baba mkwe alikuja. Kuna binti wa mdogo wake kati ya waliomaliza, mimi jina nililichapa bila kujua ni wa kwetu. Mzee amevaa koti lake la kanisani, ameshika kitabu kwa mikono miwili. Alikisoma mpaka jalada la nyuma, pale chini nilipoandika kwa herufi ndogo: Kimepangwa na kuchapwa na Esteria Ndihokubwayo, Kibondo. Akageuka akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akaja mpaka kwa wapishi.

"Hili jina ni langu," akasema.

Nikamjibu kwamba ni lake, nami nalitumia tangu siku ya ndoa.

Halafu akamchukua Nathaniel mikononi mwangu, kitu ambacho hajawahi kufanya mbele za watu, akasema, "Mashine haiuzwi. Majani ya shambani nitayapalilia mwenyewe." Wapishi wakapiga vigelegele wasijue vya nini. Kitabu akakitia mfuko wa ndani wa koti. Dionis ananiambia kule Nyakitonto hakuna nyumba ambayo hakijafika.

Nimechoka mpaka kwenye kucha, lakini natembea nimenyoosha shingo. Ilibaki wewe tu uwepo.

Esteria


Kasulu,
3 Novemba 2013

Esteria, mwenzangu wa kiti kimoja,

Kitabu chako nimekiweka dukani juu ya mizani, mahali ambapo asiyetaka kukiona ataangalia wapi. Jina lako nimelipigia mstari kwa wino wa kijani. Shoga yangu ameandikwa.

Sasa nikueleze kimya changu. Barua yako ndefu ilinifika mchana. Nilifunga mlango wa duka, nikatoa CD ya kozi, nikapima ule mchezo. Mnene. Nikapima programu ya kurasa. Sikuwa na ya kulinganisha. Nilipoiwasha kompyuta kwa CD ya Niyitegeka na kuiacha ikague, majina yalipanda kwenye kioo kama sisimizi, kila programu tuliyonayo. Na baadhi tarehe zake ni za Juni, mwezi uleule nilioinyamazisha ile ya kelele. Hukuniletea wewe. Kaa na mtoto wako nyumbani, radhi huna ya kuomba.

Tamimu alikataa. Kompyuta ya Dar es Salaam, mpya kwenye boksi, itaumwaje? Alinitolea risiti. Nikamwambia, mume wangu, sisemi imetoka wapi, nasema imeingiliwa na nini. Tukanuniana mpaka mama mkwe akasema atahamia Ujiji tupate nafasi ya kununa. Siku moja Tamimu mwenyewe akakaa, akabofya kufuta kwa kidole chake, kalenda, mapambo, vyote. Alipofika kwenye ua akanitazama. Nikamwambia futa.

Ningekuandikia siku hiyo. Lakini uliniambia kila aliyetoka dukani kwangu na flashi amekwenda na kirusi, na mimi nilikuwa nawajua. Nilianza na karani wa shule, nikaenda duka la dawa, nikaenda kwa katibu wa msikiti, kwa watu wa harusi niliowachapia kadi. Nimepita Kasulu nzima na ile CD kwenye mkoba. Nikifika nasema nimekuja kusafisha nilichowaletea. Wengine walinishukuru wakanipa chai. Karani akanicheka mbele ya wenzake: "Wewe ndiye umetuletea ugonjwa, tena wewe ndiye unatuletea dawa?" Nikamwambia ndiyo, vyote ni vyangu, sogea nikae. Siku hizi wananiita daktari, kwa kejeli kwanza, sasa kejeli imepungua na wanaanza kuja wenyewe.

Nilikuwa sitaki kukuandikia mpaka nimfikie wa mwisho. Nimemfikia juzi.

Kikapu kinakuja na mawese, dagaa, na koti dogo la Nathaniel alilolishona mama mkwe. Na flashi yetu nyekundu iko humu ndani, nimeifunga kwa leso yangu ya Idi. Ichomeke, lakini ipime kwanza, hata kama ni mimi. Halafu ifungue.

Safina


Kibondo,
10 Novemba 2013

Safina wangu,

Nimeipima kwanza kama ulivyosema, maana sheria ya kibanda ni moja. Kisha nimeifungua. Nimekuta kioo cheupe, na pale chini maandishi madogo yanayosema hakuna kitu.

Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Nikawageuzia kioo, nikawaambia tazameni nilichotumiwa na rafiki yangu wa Kasulu. Wakatazama. Mmoja akasema, mama, mbona hamna kitu. Nikamwambia ndiyo, tazama vizuri.

Nathaniel amevaa koti, amekataa kulivua, amelala nalo. Baba mkwe ametuma maharage mapya ya shambani alikopalilia mwenyewe, na amesema sehemu ya kwanza iende kwa daktari wa Kasulu. Yamo kikapuni, yamejaa mpaka mpini unalalamika.

Flashi nimeifunga kwa leso ileile. Inarudi tupu.

Esteria